Kuingia ndani ya rangi: Raha ya sanamu za hewa na kamba zinazozishikilia

JE, ni lini mara ya mwisho uligusa sanamu? Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, bila shaka umepita mara nyingi mbele ya Dedan Kimathi pale kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, tangu sanamu yake ilipozinduliwa mwaka 2007. Umempita pia Tom Mboya kwenye Moi Avenue, aliyesimamishwa pale mwaka 2011. Unainua macho, labda unapigwa picha, kisha unaenda zako kutafuta matatu. Mtoto wako akijaribu kupanda juu, askari atamkemea.

Tumezoea hivyo. Sanamu ni ya shaba au ya jiwe, nayo ni ya kutazamwa kwa mbali.

Kuna sanamu za namna nyingine ambazo huwezi kuziona vizuri mpaka uingie ndani yake. Hazikuchongwa wala hazikumiminwa kwenye kalibu. Zimeshonwa na kugundishwa kwa plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, nyekundu hapa, buluu pale, kijani na manjano mbele kidogo, kisha zikajazwa hewa na kusimamishwa uwanjani mfano wa hema kubwa. Unavua viatu mlangoni, unajipenyeza, na mara moja mikono yako inabadilika rangi. Mtu aliye mbele yako anaonekana kama kivuli cha zambarau. Sakafu ni laini, kuta zinabonyea ukizigusa, na mtoto wako keshatoroka na kupotea kwenye vyumba vya mbele akicheka.

Makala haya yanahusu sanamu hizo, yale zinayofanyia macho na mwili wako, na siku moja ya Julai ambapo mojawapo iliruka angani ikiwa na watu ndani. Unaweza kusema hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini wikendi ikifika, nenda katika bustani yoyote ya umma hapa nchini, au sherehe ya kuzaliwa mtaani, utazikuta zile nyumba za mpira zilizojazwa upepo ambamo watoto wanarukaruka. Zinasimama kwa nguvu zile zile, na zinaweza kuanguka kwa sababu zile zile.

Walioanzisha

Mmoja wa walioianza kazi hii alikuwa msanii Maurice Agis, aliyezaliwa London mwaka 1931. Katika miaka ya 1960 yeye na mwenzake Peter Jones walianza kuunda mahali pa rangi ambapo mtu angeweza kutembea badala ya kusimama mbele ya picha ukutani. Agis hakupenda sanaa ifungiwe katika majumba ya maonyesho yanayotembelewa na watu wachache wenye nafasi. Alitaka iwe uwanjani, ambapo mama mwenye kigari cha mtoto na mzee wa pensheni wangeikuta wakipita njia.

Baadaye wawili hao walikwenda kila mmoja na njia yake. Jones aliendelea na sanamu aliyoiita Colourscape, ambayo tangu mwaka 1989 imekuwa ikisimamishwa katika uwanja wa Clapham Common huko London, wanamuziki wakipiga vyombo ndani yake. Agis alitengeneza Colourspace, kisha Dreamspace. Huko Nottingham, Alan Parkinson alianza mwaka 1992 kuzungusha za kwake, zenye kuba na minara kama ya misikiti, na hadi leo zimefika katika nchi zaidi ya 40.

Si lazima iwe ya hewa. Carlos Cruz-Diez, mwenyeji wa Caracas nchini Venezuela aliyefariki mwaka 2019, aligundua katika miaka ya 1960 kwamba anaweza kumweka mtu katika chumba kilichojaa rangi moja tu. Mwaka 1969 aliweka vyumba vyake vyenye kuta za rangi angavu kando ya barabara mjini Paris, karibu na kituo cha treni, na watu waliotoka kazini wakapita ndani yake. Kule Aarhus, Denmark, Olafur Eliasson alijenga mwaka 2011 ujia wa vioo vya rangi zote za upinde wa mvua juu ya paa la jumba la makumbusho. Ujia huo una urefu wa mita 150, nawe unauzunguka ukiutazama mji ukigeuka kutoka wekundu hadi buluu.

Chicago nayo ina minara miwili ya matofali ya kioo iliyobuniwa na Mhispania Jaume Plensa, iliyofunguliwa mwaka 2004. Kila mnara una urefu wa mita 15 hivi. Nyuso za wakazi wapatao 1,000 wa mji huo huonyeshwa kwenye vioo kwa zamu, na kila baada ya muda uso hufumba midomo na kutema maji. Wakati wa joto watoto hujaa pale wakingoja kumwagiwa, na hakuna askari anayewafukuza.

Sisi wenyewe hatuko mbali sana. Pale Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, kipo kiwanda cha vioo kilichoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo kuukuu huyeyushwa na kuzaliwa upya kuwa sanamu na madirisha ya rangi. Ukifika saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, utaona rangi zimelala chini ardhini kama nguo zilizoanikwa. Utajikuta unaweka mguu juu yake ili uone kiatu chako kikibadilika. Hamu hiyo ndiyo wasanii hawa waliyoijengea nyumba.

Macho yako yanafanyaje?

Sasa tuje kwenye afya. Kwa nini mtu akae dakika 20 katika chumba chekundu, kisha atoke akisema majani ya nje hayajawahi kuwa ya kijani namna ile?

Nyuma ya jicho lako kuna utando uitwao retina. Ndani yake kuna seli za aina mbili kubwa. Seli fito hufanya kazi gizani na hazijui rangi. Seli koni ndizo zinazotambua rangi, nazo ni za aina tatu: moja hupokea zaidi mwanga wenye mawimbi marefu, yaani upande wa wekundu, ya pili mwanga wa kati, upande wa kijani, na ya tatu mawimbi mafupi, upande wa buluu. Ubongo haupokei rangi ikiwa imekamilika. Hulinganisha habari kutoka kwa koni hizo tatu, kisha hukata shauri.

Ukikaa katika mwanga mwekundu mtupu, koni za wekundu hufanya kazi bila kupumzika na hatimaye hupunguza bidii, huku zile nyingine zikikaa zimepumzika. Ndiyo sababu baada ya dakika chache chumba chenyewe huanza kuonekana kufifia, na unadhani mtu amepunguza taa. Ukitoka nje kwenye mwanga mweupe, koni zilizopumzika huitikia kwa nguvu zote na zile zilizochoka huitikia kidogo. Kila kitu cheupe kinakuwa na dalili ya kijani-buluu kwa muda.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Tafuta karatasi nyekundu sana, au kifuniko chekundu cha ndoo. Kikodolee macho kwa sekunde 30 bila kuyahamisha, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona umbo lile lile, lakini rangi yake imegeuka. Jambo hili halina madhara na hupita baada ya muda mfupi. Ukiona rangi za namna hiyo bila kutazama chochote, au vimulimuli upande mmoja wa jicho ambavyo haviondoki, hiyo ni habari nyingine, na inafaa umwone daktari wa macho upesi.

Jambo jingine linalojitokeza ndani ya sanamu hizi ni upofu wa rangi. Mtoto anaweza kufika darasa la nne bila mtu kujua kwamba hatofautishi nyekundu na kijani, kwa kuwa amejifunza kukariri kwamba majani ni kijani na nyanya ni nyekundu. Akiwa katika chumba ambamo hakuna jani wala nyanya, hana cha kukariri. Hali hii huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, maana hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ambayo mvulana anayo moja tu. Haina tiba, lakini mwalimu akijua ataacha kumchapa kwa kupaka ramani rangi zisizofaa. (Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini wewe na mimi tunayajua yanayotendeka.)

Je, rangi zinatibu?

Hapa inafaa tuwe waangalifu, kwa sababu biashara imeingia. Wapo watu mijini wanaokutoza pesa nzuri ili wakulaze chini ya taa ya kijani kwa ajili ya ini, ya manjano kwa ajili ya tumbo, au ya zambarau kwa ajili ya mishipa. Madai hayo hayana ushahidi. Taa ya kijani haitaponya ini lako, na kama ini lako linauma kweli, kila wiki unayopoteza pale ni wiki ambayo ugonjwa unapata nafasi.

Hata hivyo, ipo rangi moja inayotibu ugonjwa mmoja, na akina mama wengi waliojifungulia katika hospitali zetu kubwa wameiona kwa macho yao. Mtoto mchanga anapogeuka manjano, hulazwa chini ya taa za buluu akiwa uchi, macho yamefunikwa. Kinachomgeuza rangi ni bilirubini, ambayo hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika, nalo ini lake changa halijaweza kuiondoa kwa kasi inayotakiwa. Ikizidi sana huweza kuharibu ubongo. Mwanga wa buluu ukipenya ngozini huibadili umbo bilirubini hiyo, nayo ikaweza kutoka katika nyongo na mkojo.

Jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa ni hadithi tamu. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford kule Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje wapunge hewa na kuota jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imefifia umanjano, isipokuwa pembetatu moja ambayo bado ilikuwa manjano kabisa. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Uchunguzi wa hospitali hiyo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1958, na hivi leo taa hizo ziko kote duniani. Usijaribu hayo nyumbani kwa kumweka mtoto dirishani. Mtoto mchanga aliyegeuka manjano apelekwe hospitalini apimwe damu.

Basi sanamu ya rangi haitibu, lakini hilo halimaanishi kwamba haina faida. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa kati ya miaka 5 na 17 ajishughulishe kwa mwili dakika 60 kwa siku kwa wastani, za kumtoa jasho. Watoto wetu wanaoishi katika magorofa, ambako uwanja wa kuchezea umegeuzwa maegesho ya magari, wanapata dakika hizo wapi? Mtoto anayetambaa katika vijia vya plastiki kwa saa nzima, akipanda, akijificha, akiwatafuta wenzake, amefanya mazoezi bila kuambiwa. Na mzazi wake, ambaye kwa kawaida angekaa kwenye benchi akitazama simu, amelazimika kuinama na kumfuata. Mimi hiyo nahesabu kuwa faida kubwa kuliko madai yote ya taa za zambarau.

Nani ajihadhari? Mwenye hofu ya mahali palipofungika anaweza kushikwa na woga vyumbani, hivyo akae karibu na mlango na aonyeshwe njia ya kutokea kabla hajaingia. Wenye kifafa huuliza sana. Mwanga wa rangi uliotulia si tatizo kwao. Kinachoweza kuchochea kifafa ni mwanga unaowakawaka haraka, mara tatu hadi 30 kwa sekunde, na hata huo huwaathiri takriban watu watatu tu katika kila wagonjwa 100 wa kifafa. Kwa hivyo uliza kama kuna taa za disko ndani. Jambo ambalo wengi hulisahau ni joto. Plastiki chini ya jua la mchana huhifadhi joto, na mtoto anayerukaruka hupoteza maji upesi. Mpe maji kabla na baada, na mtoe nje akianza kulegea au kulalamika kichwa kinamuuma.

Jumapili ya Chester-le-Street

Tarehe 23 Julai 2006 ilikuwa Jumapili. Katika bustani ya kando ya mto huko Chester-le-Street, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, Dreamspace ya Maurice Agis ilikuwa imesimamishwa kwa maonyesho ya kiangazi. Ilikuwa na ukubwa wa nusu ya uwanja wa kandanda, mita 50 kwa 50 na urefu wa mita tano, ikiwa na vyumba zaidi ya 100 vilivyounganishwa. Wageni walipewa majoho ya rangi wavae, ili nao wawe sehemu ya sanamu. Muziki wa polepole ulikuwa ukisikika. Familia zilikuwa zimekaa chini ndani, nyingine zimelala chali zikitazama dari.

Alasiri hiyo sanamu iling'oka. Kamba zilizoifunga ardhini hazikuishika. Ilipanda angani kiasi cha mita tisa, ikiwa na watu wapatao 30 ndani yake, ikapinduka, na watu wakamwagika kutoka juu. Ilisimama tu ilipogonga nguzo ya kamera za usalama, la sivyo ingeendelea kuelekea mtoni. Wanawake wawili walikufa. Wengine kadhaa walijeruhiwa, miongoni mwao msichana wa miaka mitatu aliyeumia vibaya sana.

Mwaka 2009 Agis alisimama mbele ya mahakama mjini Newcastle. Upande wa mashtaka ulisema kwamba sanamu haikufungwa kwa kamba za kutosha. Jopo la raia lililosikiliza kesi halikuafikiana iwapo aliua bila kukusudia, lakini lilimpata na hatia ya kuvunja sheria ya afya na usalama kazini. Alitozwa faini ya pauni 10,000, ambayo ilipunguzwa kuwa 2,500 baada ya rufani. Halmashauri ya wilaya iliyoikaribisha sanamu nayo ilikubali kosa na kutozwa faini. Agis alifariki Oktoba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 77.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1986 huko Travemünde, Ujerumani, sanamu yake nyingine ilikuwa imewahi kunyakuliwa na upepo na watu wakaumia.

Kwa nini kitu cha hewa tupu kiwe hatari hivyo? Watu wengi hudhani kwamba kitu hicho kikubwa ni kizito, au kwamba watu waliomo ndani watakikandamiza chini. Hesabu inasema vingine. Upepo wa kilomita 38 kwa saa, ule unaoyumbisha miti midogo, husukuma kila mita mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo saba. Ukuta wa urefu wa mita 50 na kimo cha mita tano una mita mraba 250. Hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu ikisukuma upande mmoja tu, mbali na upepo unaoingia chini na kuinua. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu hiyo haiongezeki maradufu bali mara nne. Na si lazima siku iwe ya dhoruba. Siku yenye jua kali hewa ya ardhini hupanda ghafla, na huko kwetu ukanda wa Rift Valley umeona mara ngapi kimbunga kidogo cha vumbi kikizunguka uwanjani kisha kikatoweka?

Kisiwani Tasmania, Australia, tarehe 16 Desemba 2021, nyumba ya hewa ya kurukia iliyokuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi iliinuliwa na upepo wakati watoto wakisherehekea kufunga shule. Watoto sita walikufa.

Zihesabu kamba

Kanuni zinazofuatwa Uingereza na nchi nyingi za Ulaya kwa nyumba hizi za hewa ni rahisi kiasi kwamba mzazi yeyote anaweza kuzikagua akiwa amesimama pale na kikombe cha aiskrimu mkononi.

Kwanza, kamba au mikanda iwe imefungwa mahali pasipopungua sita, na nyumba ikiwa kubwa, iwe zaidi. Kila moja iwe imekazwa kwenye kigingi cha chuma chenye urefu wa sentimita 38 au zaidi, kilichopigwa hadi karibu kimezama chote ardhini. Kigingi kilichochomoza kitamjeruhi mtoto, na kinachochezacheza ukikigusa kwa mguu hakishiki kitu. Ardhi ikiwa ya lami au saruji ambapo kigingi hakiingii, kila kamba ifungwe kwenye mzigo wa kilo 163 au zaidi. Jerikeni moja la lita 20 lina kilo 20 tu. Nimeona nyumba ya hewa hapa Nairobi imefungwa kwenye bampa ya pikapu upande mmoja na kwenye ua wa michongoma upande wa pili, na watoto 15 wakiwa ndani, nami sikusema neno. Sijui kwa nini. Labda niliogopa kuonekana mjuaji.

Pili, upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, watoto watolewe na hewa ifunguliwe. Mwenye mitambo anapaswa kuwa na kipimaupepo, kijidude kidogo cha kushika mkononi. Akiwa hana, tazama miti. Matawi madogo yenye majani yakitikisika mfululizo na vumbi na karatasi zikiruka, bado mnaweza kuendelea kwa tahadhari. Miti midogo ikianza kuyumba yote, muda umekwisha.

Tatu, awepo mtu mzima anayesimamia wakati wote, si kijana aliyeenda kununua chai. Asiwachanganye watoto wakubwa na wadogo. Utafiti uliofanywa Marekani kuhusu majeraha ya nyumba hizi kati ya 1990 na 2010 ulionyesha kwamba kufikia mwaka wa mwisho, zaidi ya watoto 30 walikuwa wakipelekwa hospitalini kila siku. Majeraha mengi hayakutokana na upepo. Yalikuwa mikono na miguu iliyovunjika au kuteguka kwa kuanguka, au kwa kugongana na mwenzake.

Nne, sikiliza mashine ya kupuliza. Hewa hutoka kidogo kidogo kwenye mishono, hivyo mashine lazima iendelee kufanya kazi bila kukoma. Stima ikikatika, na kwetu hukatika, kuta zitaanza kulegea. Hapo watoto watolewe mara moja kwa utaratibu, wadogo kwanza. Uliza kabla ya kulipa kama kuna jenereta.

Ikitokea ajali na mtoto akaanguka kutoka juu, usimkimbilie ukamnyanyua. Hilo ndilo kosa tunalofanya wengi, kwa mapenzi. Mwache alale alivyo, zungumza naye, mwambie asigeuze kichwa. Kama lazima ahamishwe kwa sababu ya hatari nyingine, watu wawili au watatu washike kichwa, mabega na kiuno kwa pamoja ili shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Piga 999 au 112. Akiwa hapumui, anza kumsaidia kupumua kwa njia uliyofundishwa, bila kujali shingo. Na hata akisimama na kusema yuko sawa, mtazame kwa saa 24. Akitapika zaidi ya mara moja, akilala usingizi usio wa kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mpeleke hospitalini usiku huo huo.